Sura ya Saba: Bado Sijamaliza

Asubuhi ya siku ambayo mwalimu alitakiwa kuvaa joho na kupanda jukwaani kama profesa, mwanamke aliyempenda alikuwa ameketi chini katika karakana ya baba yake, akichomoa misumari kwenye kochi kuukuu. Aliichomoa mmoja mmoja kwa koleo, akaiangusha ndani ya kopo, na kila msumari ulipolia alijiambia kwamba hajali. Moyo ukamjibu kuwa ni mwongo.

Baba yake hakuusikia mlio huo. Alizaliwa kiziwi, na mtaa mzima ulimjua kwa kazi yake: fundi makochi, mtu mrefu, mabega mapana, mwenye tabia ya kubana misumari midomoni anapofanya kazi, hata tabasamu lake likawa na ncha. Alizungumza kwa mikono. Binti aliijua mikono ile kabla ya kujua maneno. Alikua akiwa mdomo wa baba sokoni, benki na hospitali, na ukubwani jambo hilo likawa ajira yake: mkalimani wa lugha ya alama katika chuo kikuu.

Baba alimwita Jicho. Viziwi hawaitani kwa sauti. Mtu hupewa jina la mkono, na jina hilo hulitoa kiziwi mwenyewe, siku anayotaka yeye. Hulichagui, huliombi. La Jicho lilikuwa kidole kinachogusa chini ya jicho, kwa sababu alipokuwa mchanga aliikodolea mikono ya wazazi wake mpaka akasahau kunyonya. La shangazi yake, dada wa baba, lilikuwa vidole vinavyofumba na kufumbua mbele ya mdomo bila kupumzika, na hakuna aliyewahi kuuliza maana yake.

Mwalimu hakuwa na jina. Baba alipotaka kumtaja, alielekeza kidole gumba mlangoni. Yule niliyemfungulia mlango atoke.

Na laiti baba angejua ni mtu wa namna gani aliyemfungulia mlango!

Jicho alipotumwa mara ya kwanza kumtafsiria mwanafunzi kiziwi katika darasa la falsafa ya dini, alikwenda kwa miguu mizito. Alishawatafsiria wahadhiri wengi, naye alijua kwamba mikono haidanganyiki: mtu akisema maneno matupu, mkalimani ndiye anayechoka mabega kuyatafutia umbo. Siku hiyo akaingia mtu mwembamba, koti limepauka viwikoni, akaweka chaki mezani na kuanza na habari za bibi yake.

"Bibi yangu alikuwa na shamba," alisema. "Nyuma ya ukuta alikaa mfyatua matofali. Mwezi huohuo mmoja bibi alipiga magoti kuomba mvua, na jirani akapiga magoti kuomba jua. Wote wawili walikuwa watu wema. Mimi mtoto nimekaa juu ya ukuta, nikajiuliza: sasa Mungu atafanyaje? Wenzangu, juu ya ukuta ule sijateremka mpaka leo."

Darasa lilicheka, na mikono ya Jicho ikajikuta inacheka pamoja nalo.

Tangu hapo aliyajua maisha ya kazi ya mtu yule kidogo kidogo, kama unavyoijua nyumba kwa kukaribishwa chumba baada ya chumba. Alianza kama mwalimu wa hesabu shule ya msingi, akisoma falsafa peke yake baada ya kusahihisha kazi za watoto. Alipopata nafasi ya chuo, aliandika tasnifu yake juu ya swali moja: ikiwa Mungu anajua yote, anayeomba anamwambia nini? Watu wa idara ya falsafa waliisoma wakasema huyu ni mhubiri. Watu wa idara ya dini waliisoma wakasema huyu anapotosha watu. Wenzake wakampachika jina la Popo, kwa kuwa ndege walimkana na wanyama wakamkana. Makala zake zilirudishwa. Moja ilirudi na mstari mmoja tu wa maelezo: Haieleweki mwandishi yuko upande gani. Aliukata mstari ule akaubandika ukutani, juu ya meza yake, katika ofisi ambayo kabla yake ilikuwa stoo ya viti vibovu, na vile viti havikuwahi kuondolewa.

"Hukuona aibu?" Jicho aliwahi kumwuliza.

"Aibu ya nini? Mwaka ule sikupata sifa nyingine."

Halafu, polepole, watu wakaanza kumfuata huko juu ya ukuta. Kitabu chake kuhusu maombi kilisomwa na wanaoamini na wasioamini, na kila mmoja alikuta humo mawazo yake yameelezwa vizuri kuliko alivyowahi kuyaeleza yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mwalimu. Darasani aliiita kulipa kiingilio. Hakuna aliyeruhusiwa kupinga wazo la mtu kabla ya kulieleza kwa namna ambayo mwenyewe angeitikia, "Ndivyo hivyo." Mwanafunzi akianza kubwabwaja, mwalimu huinua kidole kimoja, taratibu. "Ngoja. Umelipa kiingilio?" Na katika kikao cha kupandisha vyeo, mzee mmoja wa idara, asiyeamini Mungu na asiyelificha hilo, alisimama akasema: "Huyu bwana nimebishana naye tangu ana nywele. Mpeni uprofesa. Katika chuo hiki ndiye mtu pekee aliyewahi kunielewa."

Jicho aliposimuliwa habari hiyo, alijifungia ndani akalia kwa furaha. Mtu halii hivyo kwa ajili ya mhadhiri anayemtafsiria tu. Hapo ndipo alipojijua.

Lakini sheria hiyohiyo, pamoja na uzuri wake, ndiyo iliyowaunguza.

Mwalimu alikuja nyumbani kujitambulisha kama mchumba, mchana, wakati wa chakula. Shangazi alikuwa amejaa bashasha, na Jicho aliketi katikati akitafsiri huku na huku. Baba, kwa adabu ya mwenyeji, akamwuliza mgeni kuhusu kazi yake. "Hao wanaosema hakuna Mungu," aliuliza, "wanasemaje hasa?"

Mtu mwingine angejibu kwamba wamepotea, kisha akaendelea kula. Mwalimu aliweka kijiko chini, uso umemchangamka, akalipa kiingilio. Na kwa kuwa hakujua kukilipa nusu, aliivaa nafsi ya asiyeamini.

"Mimi nimemzika mtu niliyempenda kuliko roho yangu," alisema. "Niliomba. Nyumba nzima iliomba. Nilisema nichukuliwe mimi, aachwe yeye. Hakuna aliyejibu. Basi nasema, hakuna wa kujibu. Mbingu ni dari tu."

Mkalimani naye ana sheria yake. Haongezi, hapunguzi, wala hasemi "huyu anasema kwamba." Mtu akisema mimi, mkalimani husema mimi. Mikono ya Jicho ilikwenda yenyewe kwa mazoea, kabla akili haijashtuka. Na fundi makochi, aliyemzika mkewe kutoka katika nyumba iliyojaa maombi, akaitazama mikono ya binti yake, mikono aliyoifundisha yeye kulitamka jina la Mungu, ikimwambia mezani pake: Mimi nasema, hakuna wa kujibu.

Aliinuka, akaenda kufungua mlango, akasimama kando akiwa ameushikilia. Hakukasirika. Heri angekasirika.

Mwalimu aliinua kidole kimoja. "Ngoja, mzee wangu. Bado sijamaliza. Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza."

Jicho hakulitafsiri hilo. Mikono ilimgomea.

Huko nje Jicho na mwalimu walirushiana maneno kwa sauti ya chini, wakipisha wapita njia.

"Kwa nini hukuanza na upande wetu?"

"Tangu naanza kazi hii sijawahi kuanza na upande wangu."

"Ile ilikuwa kazi? Yule ni baba yangu, alikuwa anakula!"

"Ameniuliza swali la kweli. Ulitaka nimpe jibu la uongo?"

"Nilitaka umpe jibu fupi!"

Nyuma ya miwani, macho ya mwalimu yalikuwa kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni na kusahau kila kitu. Jicho alitamani kumgusa shavu. Akaikunja mikono kifuani ili isimponyoke.

"Bila ndiyo ya baba, mimi siolewi," alisema. "Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi baki na nusu yako ya kwanza."

Tangu siku hiyo alimkwepa. Kuhusu hotuba ya uprofesa, aliwaambia watu wa chuo watafute mkalimani mwingine. Ndiyo maana asubuhi hii yuko hapa, na koleo lake, na kopo lake la misumari.

Taa ndogo juu ya meza ya kukatia vitambaa ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Baba alikuwa ameiunganisha na kengele ya mlangoni ili awaone wageni.

"Fungueni jamani, mnajifungia kana kwamba mna dhahabu humu!"

Sauti ilikuwa ya Shangazi. Aliingia ubavu ubavu kama kawaida yake, mkoba begani, mikono na mdomo vikisema kwa pamoja. Na nyuma yake, katika suti nyeusi iliyoanza kunasa vumbi la sponji, akasimama mwalimu.

Koleo likamtoka Jicho mkononi.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimeleta mtu. Wewe hulali, yeye halali, mimi mnanikosesha usingizi kwa sababu gani? Saa tisa huyu anatakiwa jukwaani, wakubwa wote wa chuo wamekaa mbele wanamsubiri, na saa nne hii yuko huku. Usinitazame hivyo. Nimemwambia hajui kupanga mambo yake, akasema anajua."

Macho ya Jicho na ya mwalimu yalikutana, yakaachana upesi, yakarudiana tena. Amekonda, aliwaza. Nani alimchagulia tai ile? Alijichukia kwa kuwaza tai.

Baba alitoa misumari midomoni, akaiweka mezani. Kidole gumba kikaelekea mlangoni.

Jicho akainuka harakaharaka kutafsiri. Hakuwahi. Mwalimu alikuwa ameshainua mikono yake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," ilisema ile mikono. "Naomba nizungumze na wewe. Mimi mwenyewe."

Ilikuwa imepindapinda, kama herufi za mtoto anayeanza shule. Lakini ilisomeka. Jicho aliijua mikono ile ikishika chaki, ikishika kitabu, mara moja tu ikishika yake. Hakuwahi kuiona ikitamka lugha ya nyumbani kwao.

"Umejifunza lini?" alimwuliza kwa sauti.

"Kwa Shangazi. Nikitoka kazini."

"Kila siku ya Mungu!" Shangazi alidakia. "Mikono mizito kama milango ya ghala. Nikamwambia, mwalimu, wewe baki na chaki. Kesho yake huyo hapo tena. Mwanangu, vichwa nimeona vingi. Mtu wa kurudi namna hii sijaona."

Baba alikuwa akimtazama mgeni kwa muda mrefu, kama anavyotazama kochi lililoletwa, kabla hajasema kama linafaa kutengenezwa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Leo wewe si mkalimani," alisema. "Kaa. Mikono yako ikalie."

"Baba, hatakuelewa vizuri."

"Ile siku nilizungumza na nani, na yeye au na wewe? Mpaka leo sijui. Ikalie."

Jicho akaketi juu ya kochi lililovuliwa nusu ya kitambaa, akaiweka mikono chini ya mapaja. Hakuna adhabu aliyowahi kupewa utotoni iliyokuwa nzito kama ile.

Mwalimu alivuta pumzi. "Kwanza," alianza kwa mikono, "naomba sabuni."

Shangazi aliangua kicheko akajificha nyuma ya mkoba. Mwalimu alitaka kusema naomba radhi, na kiganja kikapita upande usio wake. Vidole vya Jicho vilitapatapa chini ya mapaja vikitaka kwenda kumsaidia. Baba hakubadilisha uso.

"Iko bafuni," alijibu.

Mwalimu hakuelewa, lakini alijua amekosea mahali. Akafuta miwani, akaanza upya, polepole, akilitafuta kila neno hewani kabla ya kulishika.

"Sikuja kukuambia ninavyoamini. Kwanza nitakuambia kwa nini ulinikataa. Nikikosea, niambie nimekosea."

Baba akaitikia kwa kichwa: sema.

"Unaogopa kumpa binti yako mtu asiyemwamini Mungu."

"Hapana," alisema baba. "Wasioamini nimewatengenezea makochi wengi. Wanakaa kama watu wengine."

Mwalimu alikubali kwa kichwa, bila kujitetea. Jicho aliujua utulivu ule. Aliuona darasani mara nyingi, mwalimu aliporekebishwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mbele ya wote, akasema asante, akafuta ubao. Wengine waliuita udhaifu. Yeye aliupenda kuliko kitu kingine chochote kwake.

"Niliugusa msiba wako," mwalimu alijaribu tena. "Mkeo. Mbele ya chakula. Bila kujua."

Mikono ya baba ilikawia. "Umekaribia," alisema. "Siyo yenyewe."

Shangazi alifungua mdomo. Jicho alimkata jicho, akaufunga. Mwalimu alivua miwani akaitia mfukoni, akabaki na uso mtupu, kama mtu anayejiandaa kuingia majini. Alipoanza tena, mikono yake haikuwa na haraka.

"Watu wengi huzungumza na wewe," alisema. "Lakini katikati pana mtu. Daktari, katikati mtu. Mteja, katikati mtu. Maisha yako yote, katikati pana mtu. Wapo wawili tu ambao kwao hapana mtu katikati. Mungu, na binti yako. Kwa Mungu hukuhitaji masikio. Kwa binti yako pia. Nikaja mimi. Nikaketi mezani pako, na kabla chakula hakijapoa ukaona nimeingia katikati yako na binti yako, na maneno niliyompa akuambie yanakunyang'anya yule mwingine. Wote wawili, kwa mlo mmoja. Ukafungua mlango. Hata mimi ningefungua."

Jicho alimwona baba yake akitafuta mahali pa kuweka mikono. Aliishika meza, akaiachia. Aliushika mgongo wa kochi. Katika miaka yote ya kuwa mdomo wake, binti alikuwa amebeba maneno mengi ya watu kumpelekea mtu huyu, ya bei, ya dawa, ya rambirambi. Hakuwahi kumpelekea haya. Hakujua hata kwamba yapo.

"Ndivyo hivyo," alisema baba.

Halafu, kana kwamba mkono haukutosheka, akasema tena. "Ndivyo hivyo."

Mwalimu akainua kidole kimoja. "Bado sijamaliza," alisema. Na safari hii hakuna aliyefungua mlango.

Nusu ya pili ilikuwa fupi. Ilibidi iwe fupi, maana maneno aliyojifunza yalikuwa yanaelekea ukingoni. "Mimi huomba. Nilianza kusoma kwa sababu ninaomba. Wengi waliniambia nichague: ama uulize, ama uombe. Sikuweza. Kuuliza kwangu ndiko kuomba kwangu. Sikuja kukaa katikati yenu. Ndiyo maana nimejifunza mikono. Nataka kukaa pembeni, mahali ambapo nawaona wote wawili."

Baba alichukua nyundo, akaitazama kama amesahau kazi yake, akairudisha.

"Yule uliyemsemea siku ile," alisema, "aliyemzika mtu wake na asijibiwe. Wewe umesoma mpaka umekuwa profesa. Ukimkuta, unamjibu nini?"

Jicho alizijua kurasa ambazo mwalimu aliziandika juu ya swali hilo. Alizitafsiri muhula mzima. Sema ile hadithi ya mlango wa saba, alimwomba kimoyomoyo. Sema ile ya mtoto na giza. Lakini mwalimu hakuwa na mikono ya kuyasema yale, na Jicho akaona usoni mwake kwamba hata angekuwa nayo, leo asingeyasema.

"Jibu zima sina," alisema mwalimu. "Nina nusu. Nusu hiyo siwezi kumpa mtu aliyesimama kaburini. Naketi naye kwanza."

Nje, mtu alipita akisukuma toroli, na magurudumu yake yakasikika kwa watatu tu kati ya wanne.

"Alipokufa mama yake huyu," baba akaanza, mikono ikitembea chini, karibu na kiuno, kama mtu anayesema kwa sauti ndogo, "walikuja watu wengi. Wote walikuwa na jibu zima. Kila mmoja na lake, nao wakamtuma mtoto aliyefiwa na mama yake anitafsirie. Alinitafsiria yote. Hakulia mpaka walipoondoka."

Alimtazama binti yake. Jicho alishindwa kuyazuia machozi, na kwa kuwa mikono ilikuwa imekaliwa, yalimshuka mpaka kidevuni bila mtu wa kuyafuta. Mwalimu alipiga hatua moja kumwendea, akajizuia, akabaki amesimama katikati ya karakana, mkono nusu umeinuka. Baba aliiona hatua ile. Aliona pia ilivyozuiwa.

Kisha fundi makochi akafanya jambo ambalo Shangazi atalisimulia mpaka azikwe. Aliinua kidole kimoja kando ya shavu lake, vilevile kabisa kama mwalimu anavyokiinua, kisha akakizungusha mbele kidogo, kama gurudumu linalokataa kusimama. Akamwelekezea mwalimu mkono. Akarudia: kidole kando ya shavu, gurudumu.

"Jamani!" Shangazi alipiga kelele. "Jamani, jamani! Mimi dada yake wa tumbo moja nilisubiri langu mpaka nikavunja ungo!"

Mwalimu aliitazama mikono ile, akamtazama Shangazi anayerukaruka, akamgeukia Jicho, amepotea kabisa. "Amesema nini? Nimekosea tena?"

Baba alimpa binti ishara kwa kidevu. Toa.

Jicho aliivuta mikono kutoka chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi. Alifuta machozi kwa mikono hiyo, nayo ikamkwaruza shavu. Baba akaanza upya, taratibu, kwa ufasaha wake wote, na binti akasimama mahali pake pa siku zote, upande mmoja, ambapo mkalimani anaonekana na haonekani.

"'Katika nyumba yangu mgeni hana jina,'" alisema. "'Jina ni la mtu tutakayemtaja kila siku. Wewe nimekupa. Jina lako ni Hajamaliza, kwa sababu kila ninapokuona una kidole juu. Jumapili uje, sahani yako uliiacha nusu. Leo saa tisa nitakuja kukutazama. Nataka kiti cha mbele, na anayesimama pale kunitafsiria awe binti yangu, si mtu mwingine. Akiwaambia wamtafute mwingine tena, nitamfungulia mlango yeye.'"

Mwalimu alicheka, na kicheko kikamvunjikia njiani. Hakuthubutu kumwangalia Jicho.

Baba alikuwa bado hajashusha mikono.

"'Na kuhusu lile jambo lililokuleta kwangu...'" Jicho akaendelea. Alimtazama baba yake. Baba akarudia, kwa mkazo, kama anayegongelea msumari wa mwisho mahali pake.

Mkalimani haongezi, hapunguzi. Mtu akisema mimi, mkalimani husema mimi.

"'Nimekubali,'" alisema Jicho.

Mwalimu alikuwa ameinua uso, miwani bado mfukoni, macho yake hayana kizuizi chochote. Na Jicho, ambaye tangu alipoanza kazi hakuwahi kumwongezea mtu neno hata moja, akaongeza matatu.

"Na mimi pia."

Baba, aliyekuwa akimsoma midomo, alikunja uso.

"Umeongeza," alimwambia.

"Nimeongeza, baba."

Fundi makochi akachukua misumari yake mezani, akaipanga midomoni mmoja mmoja ili arudi kazini. Haikukaa. Kila alipofumba midomo, tabasamu liliidondosha.